Mshale Uliolala kwenye Sifuri

Lori la baba lilipita msafara wa harusi siku ya Jumamosi, mchana kweupe, likiwa limebeba matofali. Na haikuwa harusi ya watu baki. Kaka yangu mkubwa alikuwa ndani ya gari la tatu, amevaa suti, na ndiye aliyetusimulia jinsi alivyoona kwenye kioo cha pembeni lori la kijani linakuja na vumbi lake, neno SUBIRA limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye paji la uso wake, akasema moyoni, "Haiwezekani." Ikawezekana. Baba alipita gari la tatu, akapita la pili, akapita la bwana na bibi harusi, na alipokuwa anawapita akainua mkono kuwasalimia kwa adabu zote, kama mtu anayejiendea zake msikitini. Shela ya bibi harusi, kaka alisema, ilifika ukumbini ina rangi ya matofali.

Mimi nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kaka hakucheka.

"Wewe endelea tu kumdekeza," aliniambia. "Siku ya Idd nitakuja nyumbani Matungu nichukue ufunguo. Mzee amemaliza kuendesha. Na hilo lori tutaliuza."

Hapo kicheko kilinikatika. Kumnyang'anya baba ufunguo wa lori lile mbele ya majirani ilikuwa sawa na kumvua kanzu sokoni. Alilinunua akiwa na mke mmoja, mtoto mmoja na nywele nyeusi. Alibeba nalo miwa ya nusu ya wakulima wa upande wetu, na miwa ilipoadimika akabeba mchanga, matofali, mabati ya misikiti na ya makanisa, bila kubagua. Mimi mwenyewe leo ni dereva wa basi la shule mjini Kakamega, na watu huniuliza mwanamke aliupata wapi ujasiri huo. Niliupata kwenye kiti cha lori lile, nikiwa nimekalia mto ili nione barabara. Hata hivyo baba hakuwahi kuniruhusu kuliendesha kupita soko letu. Alisema sijalijua sauti.

Maana lori lile liliendeshwa kwa sauti. Mshale wa spidomita ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu nikiwa darasa la tano, na baba hakuonekana kuukosa. "Mshale wangu ni huu hapa," alikuwa akisema, akivuta sikio lake la kulia. Akanifundisha. Kwa arobaini, injini inaguna kama mtu aliyeshiba. Kwa hamsini, mlango wa abiria unaanza kutetemeka. Ukifika sitini, spana zilizo kwenye sanduku chini ya kiti zinaanza kugongana. "Ukisikia spana zinaanza kusengenyana, mama, punguza," alikuwa akiniambia, na mguu wake ulikuwa ukiinuka wenyewe kabla hajamaliza kusema. Hakuwahi kuangusha hata tofali moja.

Sasa mtu wa namna hiyo anapitaje msafara wa harusi?

Jibu nililipata wiki hiyohiyo nilipokwenda kuwasalimu. Nilisikia redio yao nikiwa bado kwenye njia ya miwa, mbali na nyumba. Nilimkuta baba ameketi karibu nayo kabisa, ametulia, anasikiliza habari. Nikampa salamu, nikamwuliza kama amekula. Akanijibu kwamba ng'ombe wameshakunywa maji. Nikamtazama mama. Mama akajishughulisha na upindo wa leso yake.

Masikio yalikuwa yamekwisha, na kwetu hakuna aliyelitamka. Baba akizidiwa na jambo hasemi. Anapandisha sauti ya redio. Spana zilikuwa zinasengenyana chini ya makalio yake kila siku, na yeye alisikia kimya, akadhani anakwenda hamsini.

Nililia kidogo njiani nikirudi mjini, sitaficha. Kisha hasira ikanishika, na mimi hasira ikinishika ndipo akili inapofanya kazi. Kama sikio limechoka, macho yapo. Baba anaona mwewe akiwa bado upande wa pili wa shamba. Nikiufufua ule mshale, ataendesha kwa macho, na kaka ataikuta Idd haina ufunguo wa kuchukua. Nilitaka baba abaki na usukani wake. Sikutaka kingine.

Nilimpigia simu, yaani nilipiga kelele mpaka watoto wa shule wakanitazama kupitia madirisha ya basi. Nilimwambia lori haliwezi kupita ukaguzi likiwa na spidomita mfu. Huo ulikuwa ukweli, ingawa haukuwa ndio sababu. Akanung'unika kwamba wakaguzi wa siku hizi ni watoto. Lakini baba ni mtu wa kufuata karatasi, akakubali.

Usiku wa kuamkia siku ya kwenda nililala kwao ili tutoke pamoja asubuhi. Baba kwenye usukani, mama katikati, mimi dirishani. Mama husafiri katikati miaka yote na tasbihi yake mkononi, ile ya punje tisini na tisa, akivuta uradi kimyakimya. Tulipovuka daraja lililo karibu na nyumbani akaanza. Tulipofika msikiti wa sokoni akaacha, akabana punje mbili kwa vidole, akaangalia zilizosalia, akaitia tasbihi kifuani. Nilidhani amechoka. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikilia mlango kwa mikono miwili, na spana zilikuwa zinafanya mkutano mzima.

Fundi wetu ana kibanda nyuma ya soko la Kakamega, mahali ambapo ardhi yenyewe ni nyeusi kwa oili. Ni mwanakwaya. Hafungui nati bila wimbo, na ukimsikia amenyamaza ujue jambo limemshinda. Alitoa heshima kwa wazee, akaingia kwenye chumba cha dereva, akachomoa dashibodi. Nyuma ya spidomita kuna waya mrefu unaopita ndani ya mpira, unatoka kwenye giaboksi chini. Giaboksi ikizunguka waya unazunguka, na waya ukizunguka mshale unainuka. Basi hakuna uchawi. Fundi alitenganisha waya na spidomita, akaingiza kijiti cha chuma kwenye tundu la nyuma, akakizungusha kwa vidole. Mshale uliokuwa umelala tangu nikiwa darasa la tano ukashtuka, ukapanda hadi ishirini, ukarudi.

"Iko hai!" nilipiga kelele. Baba alitazama pembeni.

"Spidomita haina shida," alisema fundi. "Shida iko huku chini. Wacha niingie."

Akatandika gunia, akalala chali, akapotea chini ya lori na wimbo wake. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Katikati ya ubeti wa pili akanyamaza. Nikainama.

"Madam, kuja uone," alisema. "Hii haikuvunjika. Hii mtu alifungua na spana. Hata ameifunga na mpira isiingie uchafu. Huyo mtu alikuwa na heshima."

Nilitambaa na nguo zangu nzuri. Ncha ya waya ilikuwa imechomolewa kwenye giaboksi, ikafunikwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ikafungwa pembeni kwa kamba ya katani. Na fundo la kamba ile nililijua. Ni fundo la kuzungusha mara mbili na kupitisha ncha chini, lile ambalo baba hufungia turubai juu ya mizigo. Sijaona mtu mwingine akilifunga hivyo, na mimi mwenyewe alinifundisha.

Nilitoka chini nikiwa na kamba mkononi. Nilimwekea mama kiganjani.

Mama ni mpole, lakini upole wake una meno. Aliigeuza kamba, akalitazama lile fundo, akamtazama baba, ambaye sasa alikuwa anachunguza kwa bidii sana gurudumu la lori la mtu mwingine.

"Baba watoto!" Aliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na safari hii hata baba alisikia. "Wewe ndiye uliyeua huu mshale?"

Baba alikuja polepole. Alitazama kamba. Hakukana, nadhani fundo lile alikuwa analionea fahari.

"Ulikuwa hutazami barabara," alisema. "Unatazama mshale tu. Ukifika sitini unanikamata mkono. Siku ile na miwa tani saba tungeingia mtaroni kwa sababu ya mkono wako. Nikaona afadhali usiuone."

"Na ukaniambia umekufa wenyewe."

"Nilikuambia umelala."

"Nimekuwa nikiuombea dua!" mama alisema. "Miaka yote hiyo! Kila Ijumaa, ukaguzi, breki na spidomita!"

Fundi alikuwa bado chini ya lori, na gunia lilikuwa linatikisika kwa kicheko chake. Mimi nilishindwa kujizuia, na baba mwenyewe midomo ikaanza kumcheza. Mama akakaa kwenye benchi akatupa mgongo sote watatu.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Fundi alipovuta waya ulikatika vipande viwili, kwa kuwa kutu ya miaka ya kukaa bila kazi ilikuwa imeula kuliko ambavyo kazi ingeula. "Kitu kikikaa bure kinaozanga," fundi alisema. "Hizi waya zinataka kuzunguka na grisi kidogo." Akaenda kutafuta mwingine kwenye malori yaliyokufa nyuma ya kibanda. Wa kwanza ulikuwa mfupi. Wa pili ulikuwa mrefu kwa shubiri moja; akaukata kwa patasi, akaufinya ncha iwe pembe nne, akaupaka grisi, akauingiza ndani ya mpira wake huku akiuzungusha kama mtu anayetia kamba kwenye kiuno cha suruali.

Wakati huo nilikwenda kukaa na mama kwenye benchi. Hasira zilikuwa zimempungua. Alitoa tasbihi kifuani.

"Alipoua mshale nikatafuta wangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Kutoka msikitini hadi darajani, na wakati wa kwenda, darajani hadi msikitini. Akienda vizuri ninamaliza punje zote tisini na tisa, ya mwisho inaniangukia palepale tunapofika. Miaka mingi, mwanangu, haikuwahi kuzidi wala kupungua. Baba yako alikuwa na masikio hayo."

"Na sasa?"

"Leo asubuhi zilibaki ishirini na nane."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba baba yenu hasikii? Kaka yako angekuja siku hiyohiyo." Nikamshika mkono. Nilikuwa nimejiona mjanja kwa kugundua jambo ambalo yeye alikuwa akilihesabu kwa vidole kila safari.

Mchana fundi alimaliza. Ikabaki kuupima mshale kama unasema kweli. Njia yake ni kumweka mtu wa bodaboda mbele aende arobaini kamili, lori limfuate. Tatizo likawa kupata bodaboda yenye spidomita nzima. Ya kwanza ilikuwa imejaa maji ndani ya kioo. Ya pili ilibandikwa picha ya timu ya mpira juu yake. Mwenye ya tatu alitushangaa.

"Ya nini?" alisema. "Mimi nikienda najuanga nimeenda."

"Huyu ni dereva," baba alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi lenye furaha ndani yake.

Ya nne ilikuwa nzima. Fundi akaendesha lori hadi nje ya mji na kurudi, na aliporudi alikuwa anaimba kwa sauti ya juu. Arobaini ya pikipiki ilikuwa arobaini ya lori.

Kurudi nyumbani, baba alishika usukani. Mwanzoni mpango wangu ulifanya kazi vizuri hata nikaanza kujisifu. Barabara ya lami ilikuwa na magari, akafuata walio mbele, mshale ukacheza kati ya arobaini na hamsini, na kila mara aliutupia jicho la dharau, kama mgeni aliyeletwa nyumbani bila yeye kuulizwa. Mama alikaa katikati, tasbihi mapajani. Tulipopita Mumias magari yakapungua, miwa ikatukaribia pande zote mbili, na baba akasahau. Alikuwa amefika kwao. Mtu haangalii mshale kwenye barabara aliyoizoea. Alitazama mbele, kama alivyotazama maisha yake yote, na akasikiliza.

Tulipita msikiti wa sokoni. Mama akaanza uradi. Niliona kidole gumba chake kikisukuma punje, moja, nyingine, nyingine. Mlango wangu ukaanza kutetemeka. Mshale ukasimama hamsini, ukapita. Spana zikaanza. Sitini. Baba alikuwa ametulia kabisa, uso wake umejaa raha. Sitini na tano. Mimi ni dereva, ninabeba watoto wa watu kila siku, na mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Daraja likaonekana. Nikanyoosha kidole mbele ya mama, nikaugusa mshale.

Baba akashusha macho. Sabini.

"Hiki kitu kinadanganya," alisema. "Naenda hamsini."

Mama hakubishana. Alifungua kiganja chake juu ya usukani, chini ya macho ya baba. Alikuwa amebana tasbihi pale alipofika, na punje zilizobaki zikawa zinaning'inia.

"Ishirini na nane," alisema, karibu na sikio lake.

Baba aliinua mguu. Tulivuka daraja polepole, na mbele kidogo akaliweka lori pembeni, akazima. Injini ilipozimika ndipo nilipojua jinsi tulivyokuwa na kelele. Kisha akaniuliza mimi, si mama.

"Spana zilikuwa zinapiga?"

"Zilikuwa zinapiga, baba. Tangu msikitini."

Aliweka kiganja juu ya dashibodi, kama anavyomshika ng'ombe mgonjwa. Hakuna siku niliyompenda kama dakika ile, na hakuna siku niliyotamani zaidi niwe sijui kitu.

"Tangu lini?" alimwuliza mama.

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," mama alisema kwa sauti kubwa, mkono wake begani kwa baba. "Mara nyingi tu. Nilikuwa nasema, 'Baba watoto, punguza.' Na wewe kila mara unaniitikia, 'Amin.'"

Baba alimtazama. "Nilidhani unaomba," alisema.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, na baba naye akaanza, kile kicheko chake cha kukohoa, na mimi nikawafuata. Tulicheka watatu ndani ya lori lililozimwa mpaka mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akashuka kuuliza kama tumepata ajali.

Baba alijipangusa macho kwa ncha ya kanzu. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka mbele ya lori, akaja kusimama upande wangu.

"Sogea huko," aliniambia. "Wewe una masikio."

Hakuniambia zaidi, na mimi sikuthubutu kumwuliza kama ni kwa leo au kwa daima. Nilipita mbele ya mama, nikashika usukani. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Nilipotaka kuwasha twende nyumbani, ambako paa letu lilikuwa linaonekana, akanipiga kwenye bega kwa mkono mrefu uliopita nyuma ya mama.

"Geuza. Turudi msikitini tuanze upya. Ile haikuhesabika."

Kugeuza lori la tani saba kwenye barabara ile si mchezo, na alinielekeza kwa mikono, kwa kichwa, na kwa matusi madogo ya kifundi ambayo mama alijifanya hayajui. Tukarudi hadi msikitini. Tukageuza tena. Baba alisogea mbele kwenye kiti chake, miwani puani, macho juu ya mshale, na tulipoanza kwenda akawa anausoma kwa sauti kubwa kama mwadhini: "Thelathini! Arobaini! Panda kidogo. Arobaini na tano! Hamsini. Hapohapo, mama, hapohapo, usiguse!" Injini ikaguna, mlango wake ukatetemeka, na spana zikakaa kimya. Nilitamani azisikie zilivyokaa kimya.

Kaka alikuja siku ya Idd kuchukua ufunguo, akaukuta mfukoni mwangu na baba ameshaketi dirishani amevaa miwani, anasubiri kwenda. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile tulifika darajani kwa hamsini kamili, na gurudumu la mbele lilipogusa daraja kidole gumba cha mama kilisukuma punje ya mwisho. Akafumba kiganja. Akamgeukia baba, akasema taratibu, kwa sauti yake ya kawaida, "Sasa mnaniendesha vizuri, baba watoto."

Baba hakuondoa macho kwenye mshale.

"Amin," alisema.